Vigae au mbao? Kwanza ule ukuta unaobanduka rangi

Swali: Tunakarabati nyumba ya zamani: sebule, vyumba viwili vya kulala, jiko na bafu. Sakafu ni saruji iliyopigwa niru, ina nyufa na kuna sehemu imebonyea. Mume wangu anataka vigae vikubwa vinavyong'aa nyumba nzima. Mimi nataka mbao, au kitu kinachofanana na mbao, angalau vyumbani. Mama mkwe anaishi nasi na magoti yanamsumbua. Halafu rangi ya ukuta mmoja wa sebuleni inabanduka kwa chini, ila fundi anasema tukipaka ya mafuta itatulia. Tuchague nini?

Jibu: Dada, habari ya sakafu umeieleza kwa kirefu, ukuta ukautaja mwishoni kama jambo la pembeni. Mimi naanza na ukuta. Rangi inayobanduka chini tu, huku ya juu ikiwa nzima, mara nyingi ni dalili ya maji yanayopanda kutoka ardhini au kupenya kutoka nje. Maji hayo hayana sababu ya kuishia ukutani. Sakafu inayopakana nao inaweza kuwa imeloa vilevile bila kuonyesha, kwa kuwa saruji haibanduki kama rangi. Mkishajua hali ya maji ndani ya nyumba, sehemu kubwa ya ubishi wako na shemeji itakuwa imejiamua yenyewe.

Kwangueni kipande cha rangi hiyo muangalie nyuma yake. Mkikuta unga mweupe, hiyo ni chumvi. Maji huyeyusha chumvi zilizomo kwenye udongo, matofali na saruji, hupanda nazo, kisha hukauka kwenye uso wa plasta na kuziacha hapo. Chumvi inapoganda hutanuka, na kutanuka huko ndiko kunakosukuma rangi na kuimomonyoa plasta. Rangi ya mafuta haitibu hilo. Inaweka ngozi isiyopitisha mvuke, kwa hiyo maji ama huivimbisha ngozi hiyo, ama hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na baada ya muda mtaona mabaka mahali ambapo leo ni pazima. Isitoshe, saruji na chokaa ni alkali kali (pH ya saruji mbichi hufika 12 hadi 13), na alkali ikikutana na mafuta ya rangi penye unyevu hutengeneza sabuni. Sisemi kwa mfano, ni sabuni kweli: rangi hulainika, hunata kidoleni, kisha huvuliwa kwa kucha. Fundi wako huenda hana nia mbaya. Miezi ya kwanza rangi ya mafuta hupendeza, na yeye akishalipwa hayupo tena kuona kinachofuata.

Tafuteni chanzo. Tokeni nje muukague ukuta huohuo kwa upande wa pili. Je, udongo au saruji ya nje imepanda hadi kimo cha sakafu ya ndani? Inatakiwa iwe chini yake kwa sentimita 15 hivi. Maji ya paa yanamwagikia kwenye msingi? Ardhi inainamia nyumba badala ya kuinamia nje? Kama nyuma ya ukuta huo kuna bafu, fungeni koki zote za maji, kisha mtazame mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja. Mambo haya mengi yanarekebishika kwa sululu na mabomba mapya, bila kugusa muundo wa nyumba. Yasipoonekana, huenda nyumba ilijengwa bila tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, na hapo mtahitaji mtaalamu anayetoboa matundu mfululizo chini ya ukuta na kuingiza dawa ya kuzuia maji. Plasta iliyolika kwa chumvi ibomolewe hadi sentimita 30 juu ya pale dalili zinapoishia, ukuta uachwe ukauke, ndipo ipigwe mpya. Rangi ya ukuta huo iwe ya maji, ile inayoruhusu mvuke kutoka.

Sasa sakafu. Chukueni karatasi ya nailoni nzito, mkate vipande vya sentimita 45 kwa 45, mvibandike chini kwa utepe pande zote nne pasibaki upenyo. Kimoja kiwe karibu na ukuta ule, kimoja katikati ya sebule, kimoja kwenye kila chumba cha kulala. Viacheni angalau saa 16, na mimi hupenda kuviacha zaidi ya hapo. Mkifunua mkakuta matone chini ya nailoni, au saruji imebadilika rangi na kuwa nyeusi kuliko iliyoizunguka, sakafu inapandisha maji. Kipimo hiki kina udhaifu wake: kinaonyesha hali ya siku ile tu, na sakafu iliyo kavu wakati wa kiangazi yaweza kuwa nyingine kabisa mvua zikija. Kwa hiyo jibu la "imeloa" liaminini mara moja, ila jibu la "ni kavu" mlipe imani nusu mpaka mpime tena kipindi cha mvua.

Hapo ndipo uchaguzi unapoanza kweli.

Sakafu ikiwa na unyevu, lamineti na mbao ziondoeni kwenye mazungumzo. Lamineti, pamoja na picha yake nzuri ya mbao, ndani yake ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Kingo zake zikinywa maji huvimba, na zikishavimba hazirudi hata zikikauka. Mbao halisi hutanuka kwa upana wake inapopata unyevu na kusinyaa inapokauka, ndiyo maana sakafu ya mbao hufanya matuta msimu mmoja na nyufa msimu mwingine. Vinaili, yaani plastiki ya kutandika sakafuni, yenyewe haidhuriki na maji, ila gundi yake huachia, na maji yanayonaswa chini yake huotesha ukungu utakaousikia puani kabla ya kuuona. Vigae ndivyo vinavyovumilia, ingawa hata hivyo tiba ya chanzo haikwepeki, la sivyo chumvi ileile ya ukutani itachomoza kwenye viungo, ile mistari kati ya kigae na kigae.

Sakafu ikiwa kavu, nina maoni yangu na nitayasema wazi. Vyumbani mwenu ningeweka mbao za vinaili, zile za kupachikana, zenye tabaka la juu la kuzuia mikwaruzo la milimita 0.3 au zaidi, milimita 0.5 kama kuna mbwa au viti vya magurudumu. Kwa magoti ya Mama hili lina faida: vinaili ni laini kuliko kigae na haiwi baridi alfajiri. Ina adui wawili, jua kali la moja kwa moja kupitia dirisha kubwa, ambalo huitanua na kuipausha, na mikeka yenye mpira chini, ambayo huacha doa la njano lisilotoka kwa sabuni yoyote. Lamineti nayo inafaa vyumbani ukiridhika kuipigia deki kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa. Tafuteni alama ya kustahimili kuchakaa: AC3 kwa vyumba vya kulala na AC4 kwa sebule. Iwe vinaili ya kupachikana au lamineti, iachwe ndani ya vyumba hivyo siku mbili izoee hewa kabla ya kutandikwa, na pabaki nafasi pembezoni, kwa lamineti milimita 8 hadi 10. Fundi akiibana hadi ukutani itanyanyuka katikati joto likipanda.

Jikoni na bafuni, vigae. Sebuleni pia ningekubaliana na shemeji, lakini nusu tu: vikubwa sawa, vya kung'aa hapana.

Kigae kilichong'arishwa kikiwa kikavu hakina neno. Kikidondokewa na maji, au mtu akiingia na nyayo zenye majimaji, ndipo kinapomgeuka, na mtu mwenye magoti mabovu hawezi kujirudisha upesi kama ninyi. Watengenezaji wengi huandika kiwango cha kutoteleza kwa alama za R9 hadi R13. Bafuni na jikoni msishuke chini ya R10. Wengine hutumia kipimo cha msuguano cha Marekani, ambako kigae cha ndani kitakachokanyagwa kikiwa na maji hutakiwa kufika 0.42. Alama zisipokuwepo, ombeni sampuli, muimwagie maji na kuisugua kwa soli ya kiatu, kisha kwa unyayo mtupu. Msidanganyike na alama ya PEI, inayoanzia 0 hadi 5: hiyo inasema jinsi rangi ya juu inavyostahimili kuchakaa, haisemi lolote kuhusu kuteleza. Kwa sebule na jiko PEI 4 inatosha. Na kama shemeji anapenda mwanga, ukuta mweupe na dirisha safi vitaing'arisha sebule bila kumhatarisha mtu.

Halafu kuna vigae vyenye sura ya mbao, virefu kama ubao. Kwenu ndivyo suluhu ya kwanza ninayoiona kama kipimo cha nailoni kitatoka kibaya: wewe unapata sura ya mbao, shemeji anapata kigae. Chagueni vya porseleni, ambavyo hunywa maji kidogo mno, asilimia 0.5 ya uzito wake au chini ya hapo. Dukani mnaweza kudondosha maji mgongoni mwa kigae. Yakinywewa papo hapo mbele ya macho yenu, hicho si porseleni, hata muuzaji aseme nini.

Lakini kigae bora juu ya sakafu mbovu ni pesa iliyotupwa, na hapa ndipo ningetaka msimame mkao wa kukagua. Niru yenu ni laini, na gundi ya vigae haishiki vizuri kwenye uso laini. Ikwanguliwe kwa mashine au ichongwe kwa patasi ipate makovu. Kabla ya hapo pigapigeni sakafu yote kwa mpini wa nyundo. Panapolia wazi, kama ngoma, saruji ya juu imeachana na ya chini na lazima itolewe. Nyufa nazo hazilingani. Ule mwembamba usiosogea huzibwa tu. Lakini ufa ambao upande mmoja umepanda kuliko mwingine unazungumzia msingi, na huo aitwe mhandisi. Kwa ufa msio na hakika nao, pakeni plasta nyembamba juu yake, mwandike tarehe, mwone kama itapasuka katika wiki zinazofuata.

Mabonde mtayapima kwa ubao ulionyooka wa mita 2. Mwanga unaopita chini yake usizidi milimita 3. Vigae vikubwa vinadai usawa zaidi kuliko vidogo, kwa sababu kidogo hufuata bonde na kikubwa hulipita na kuacha uwazi chini. Vigae virefu vyenye sura ya mbao vina lao jingine: vingi vimepinda kidogo katikati tangu tanuruni, hata vya bei ya juu. Vikipangwa katikati kwa katikati kama matofali, sehemu iliyoinuka ya kimoja hukutana na ncha iliyoinama ya jirani yake, na kidole cha mguu ndicho kinachogundua. Mwambieni fundi apishanishe kwa theluthi moja ya urefu.

Jambo la mwisho la vigae, nalo ndilo linaloharibu kazi nyingi nilizoitwa kukagua: madonge. Fundi anaweka madonge matano ya saruji nyuma ya kigae, anakibandika, anakigonga kikae sawa. Kwa macho kimependeza, ila kati ya donge na donge kuna hewa. Mguu wa kabati au sufuria nzito ikiangukia hapo, kigae kinapasuka. Bafuni uwazi huo hujaa maji. Gundi itandazwe kwa mwiko wenye meno, mistari yote ielekee upande mmoja, na vigae vikubwa vipakwe tabaka jembamba mgongoni pia. Mna haki ya kumwomba fundi ainue kimoja dakika chache baada ya kukilaza. Gundi inatakiwa iwe imeshika angalau asilimia 80 ya mgongo wake vyumba vikavu, na 95 bafuni. Fundi mzuri hatakasirika, atainua kabla hamjamaliza kusema.

Viungo visiondolewe. Najua shemeji atatamani vigae vigusane, ila sakafu hutanuka na kusinyaa, na visivyo na nafasi husukumana mpaka viinuke kwa mlio wa kutisha. Milimita 2 ni kiwango cha chini kwa vilivyokatwa kingo kwa mashine, 3 au zaidi kwa vingine. Pembezoni mwa chumba paachwe nafasi itakayofichwa na skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta. Rangi ya grauti, yaani ule ujazo wa viungo, iwe ya kijivu au ya udongo. Nyeupe sakafuni hudumu nyeupe mpaka deki ya kwanza.

Bafuni kuna dhana moja inayotia watu hasara, kwamba vigae vinazuia maji. Vigae na grauti ni vazi la juu tu. Maji hupita kwenye viungo taratibu siku zote. Kinachozuia ni tabaka la kuzuia maji linalopakwa chini ya vigae na kupandishwa ukutani, kwenye eneo la kuogea hadi juu ya kichwa cha bomba. Likishakauka zibeni tundu la kutolea maji, mwage maji sentimita chache, myaache saa 24, kisha mkague kuta za jirani na kimo cha maji kabla kigae cha kwanza hakijalazwa. Mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu. Sehemu ya kuogea wekeni vigae vidogo: vinafuata mteremko bila kukatwakatwa, na wingi wa viungo unampa Mama mahali pa kushika kwa unyayo. Pembe za ukuta na sakafu zijazwe silikoni, grauti ya hapo hupasuka daima. Mkiwa mmeshafumua ukuta, wekeni na ubao imara ndani yake kwa ajili ya mshikio, hata kama leo Mama atasema hauhitaji.

Tukirudi kwake, kinachomsumbua mtu wa magoti kuliko ugumu wa sakafu ni kizingiti kidogo. Kigae na gundi yake hufika milimita 15 hivi, vinaili huwa milimita 4 hadi 6. Mkiweka kimoja sebuleni na kingine chumbani bila hesabu, mlangoni patazaliwa ngazi ndogo isiyoonekana usiku. Sakafu ya vyumba inyanyuliwe kwa saruji ya kusawazisha kabla ya kutandika, vimo vilingane. Saruji hiyo mpya ikiwa nene, kumbukeni inakauka kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku kwenye sentimita 4 za kwanza, na polepole zaidi kupita hapo. Siku 28 mnazosikia kwa mafundi ni za nguvu ya saruji, si za ukavu wake. Na milango yote itahitaji kupunguzwa chini. Hilo liingie kwenye mkataba sasa, maana hakuna fundi anayelikumbuka mpaka mlango ukwame.

Rangi za kuta nyingine hazina ugumu. Dari na kuta za vyumba zipakwe rangi isiyong'aa, inaficha mawimbi ya plasta; kadiri rangi inavyong'aa ndivyo kila kasoro inavyojitokeza mwanga wa dirisha ukiipiga kwa ubavu. Jikoni na ukumbini rangi ya maji yenye mng'ao kidogo inafutika kwa sabuni, na ndiyo jibu kwa wanaokimbilia ya mafuta. Plasta mpya isubiri kama wiki nne, ianze na praima (mkono wa chini wa kushikisha rangi) ya kuhimili alkali. Rangi msiichague kwenye kadi ndogo: ukuta mzima huikoleza. Pakeni ubao mkubwa, muuhamishe ukuta hadi ukuta, muutazame asubuhi na usiku kwa taa mtakazotumia.

Kwa kuwa nyumba ni ya zamani, tahadhari moja isiyo ya mapambo. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi; Marekani kwa mfano iliyapiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Msizipige msasa zikiwa kavu, zilowesheni kwanza, na watoto wasiwepo. Mkikuta chini ya zulia vigae vya plastiki vya zamani na gundi nyeusi, msivikwangue kabisa mpaka vipimwe, vingine vilitengenezwa kwa asbesto. Vigae vipya navyo vikatwe kwa maji, vumbi lake linaumiza mapafu.

Mpangilio wa kazi uwe hivi: maji na ukuta ule, mabomba na nyaya, plasta, dari, mikono ya kwanza ya rangi, sakafu, skatingi, kisha mkono wa mwisho wa rangi. Mkinunua vigae ongezeni asilimia 10 juu ya eneo halisi, 15 mkivipanga kwa mshazari. Kila boksi lina namba ya toleo la rangi na namba ya kipimo. Zilinganisheni zote kabla ya kuondoka dukani, kwa kuwa toleo jingine la kigae hichohicho huweza kutofautiana rangi na hata milimita ya upana. Boksi moja lisilofunguliwa lihifadhiwe nyumbani. Bomba likija kupasuka baada ya miaka, toleo hilo halitakuwa sokoni tena.